Kichwa chako umemkabidhi nani?

Mwanamke wa mjini atakutajia bila kusita jina la daktari wa watoto wake, la fundi wake wa nguo, na hata la mama mboga anayemkopesha katikati ya mwezi. Muulize msusi wake ni nani, na aghalabu atakujibu kwamba ni yeyote asiye na foleni. Mwezi huu husukwa mtaani kwake, mwezi ujao katikati ya jiji, na Desemba husukwa popote penye kiti kitupu. Kichwa ni kile kile lakini mikono ni mingine, na kila mkono huanza kazi kana kwamba kichwa hicho kimezaliwa asubuhi hiyo.

Wiki hii, msomaji, tutalitazama jambo hili kwa jicho la afya wala si la urembo. Madhara mengi ya saluni hayatokei siku moja. Hujilimbikiza kidogo kidogo, na yanapojitokeza kwenye kioo, mara nyingi huwa yamechelewa kurekebishwa. Mtu aliye na nafasi nzuri ya kuyaona mapema ni yule anayekishika kichwa chako mara kwa mara, anayekumbuka alikifanyia nini safari iliyopita, na aliye tayari kukuambia "hapana" hali pesa umeshazitoa mfukoni. Msusi wa kuaminika hutambulikana kwa hiyo "hapana" kuliko kwa ustadi wa vidole vyake.

Kichwa kina kumbukumbu

Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000. Nywele 50 hadi 100 hung'oka zenyewe kila siku, na huo si ugonjwa. Unywele hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi. Nywele zetu Waafrika hukua polepole kidogo kuliko hivyo. Ukiifanya hesabu hiyo vizuri utaona kwamba unywele ulioungua kwa dawa mwezi wa Januari ungali kichwani mwako mwezi wa Desemba, ila umesogea mbali na ngozi. Msusi mgeni haujui mkasa huo. Atautia dawa mara ya pili, au atauvuta kwa nguvu ambayo unywele mzima ungeistahimili, kisha atashangaa unapokatikia mkononi mwake.

Zaidi ya hayo, unywele wetu umejipinda, na kila unapopinda huwa dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hayasafiri kwa urahisi hadi ncha. Ndiyo maana nywele hizi hukauka na kukatika upesi zinapochanwa kavu kuanzia kwenye mizizi. Msusi anayejua kazi yake huanza kuchana kutoka nchani, akipanda taratibu, tena nywele zikiwa na maji au mafuta. Hicho ni kipimo chako cha kwanza, na huhitaji kuuliza swali lolote. Kaa tu utazame.

Upara unaoletwa na mkazo

Tuje kwenye kusuka, kwa kuwa hapa ndipo wengi hudhurika bila kujua.

Nywele zikivutwa kwa nguvu siku nenda siku rudi, mizizi hulegea katika vitundu vyake. Kwanza ngozi huvimba kidogo na kuwasha. Halafu vipele vidogo, vingine vyenye usaha, huchomoza kandokando ya msuko, hasa juu ya paji la uso na kwenye panja. Baadaye nywele za sehemu hizo huanza kupungua. Mkazo ukikomeshwa wakati huu, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka kadhaa, vitundu huzibwa na kovu, na penye kovu unywele hauoti tena, hata ukipaka mafuta ya bei gani. Madaktari huuita upara huu alopesia ya mkazo.

Usidhani ni balaa la Waafrika pekee. Miongoni mwa maelezo ya mwanzo ya kitabibu ni yale ya mwaka wa 1907, yaliyohusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa na desturi ya kukaza nywele zao na kuzifunga. Umeonekana pia kwa wanaume wa dini ya Sikh, ambao hufunga nywele ndefu chini ya kilemba. Lakini kwetu umezidi. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake waliwachunguza watu wazima wa jiji hilo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007, karibu mwanamke 1 kati ya kila 3 alikuwa nao. Watafiti hao walionyesha pia kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa au kushonewa nyingine. Nywele hizo tayari zimedhoofishwa, kisha zinabebeshwa mzigo.

Sasa tafakari mazungumzo yetu ya kila siku. Mtu akitoka kusukwa na hawezi kuinua nyusi, tunamwambia msuko umekubali. Akilala kifudifudi kwa siku mbili kwa sababu mto unamuuma kichwa, tunamshauri ameze Panadol. Kusukwa hakupaswi kuuma. Maumivu ni ngozi inayolalamika, na kuyanyamazisha kwa dawa hakupunguzi mkazo hata chembe. Msusi akikukabidhi Panadol pamoja na chenji yako, mshukuru, kisha utafute mwingine.

Nenda Kenyatta Market jijini Nairobi ujionee. Wasusi watatu au wanne huweza kukizunguka kichwa kimoja, kila mmoja na upande wake, na kazi ambayo mtu mmoja angeshinda nayo kutwa ikamalizika kwa muda mfupi. Hatusemi ni vibaya. Wengi wao wana mikono ya ajabu. Hata hivyo, watu wanne wana mikazo minne, na ukilalamikia panja la kushoto, aliyelishika huenda humjui hata kwa jina. Ukipenda kusukwa namna hiyo, mteue mmoja awe mkuu wa kichwa chako. Yeye ndiye asuke mbele na kando, na kila safari umwendee yeye. Wengine wapewe kisogo na katikati, ambako nywele zina nguvu zaidi.

Kuna alama moja ambayo kila mwanamke angepaswa kuijua. Simama mbele ya kioo penye mwangaza, ufunue panja. Ukiona vinywele vyembamba vimebaki ukingoni kabisa mwa uso, kama upindo wa leso, na nyuma yake pana uwazi ambapo nywele zimepungua, hiyo ni dalili kubwa ya upara wa mkazo. Vinywele hivyo vya ukingoni husalia kwa sababu ni vifupi mno, msuko haukuweza kuvishika. Wengi hufurahi kuwa wangali navyo na kuvilaza kwa jeli. Msusi mwaminifu huviona na kukuambia.

Huenda mambo yakawa hivi. Mteja amekaa kitini, ana arusi Jumamosi, na anataka msuko mwembamba hadi kiunoni. Msusi anapapasa panja lake, ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Mama, hapa mbele siwezi kukaza. Pamechoka." Mteja anasisitiza, anataja arusi, anaongeza bei. Msusi anakubali kusuka, lakini kwa masharti yake: mistari minene, nywele nyepesi za kuongezea, urefu wa mabegani, na ukingo wa mbele uachwe nje. Mteja huenda akakasirika siku hiyo. Baada ya miaka 10 angali na panja.

Msuko wenyewe usikae sana. Majuma 6 hadi 8 yanatosha, na baada ya kufumua, nywele zipumzike kabla ya kusukwa tena. Wenye rasta nao wasijione wamesalimika. Rasta ndefu ni nzito, na kuzisokota upya kila mara huvuta mizizi vivyo hivyo.

Upara mwingine huanzia utosini na kutanuka kama duara. Huu pia huacha kovu, na ni hatari zaidi kwa kuwa mwenyewe hauoni. Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa dawa za nywele na vitana vya moto, lakini mwaka wa 2019 wanasayansi walitangaza kwamba baadhi ya wenye upara huo wana hitilafu ya kurithi katika jeni inayohusika na uundaji wa unywele. Kwa hiyo kama mama yako au dada yako anao, mwambie msusi wako autazame utosi wako kila anapokuosha.

Dawa ya kulainisha

Dawa nyingi kali za kulainisha nywele zina kostiki soda, ile ile inayotumiwa kutengenezea sabuni. Zile zinazouzwa kwa sifa kuwa hazina kostiki hutumia chokaa iliyochanganywa na kemikali nyingine, na bado zina ukali wa kuunguza ngozi. Hata zenye picha ya mtoto anayecheka kwenye pakiti ni za jamii hiyo hiyo.

Msusi unayemfaa wewe hatakutia dawa kabla ya kukuuliza maswali. Umetia lini mara ya mwisho? Dawa gani? Umejikuna jana au leo? Umefumua msuko lini? Ngozi iliyokunwa ina michubuko usiyoiona, na dawa hupenya hapo na kuichoma. Atakupaka mafuta mazito ukingoni mwa uso na masikioni, atavaa glavu, ataangalia saa, na dawa ataiweka kwenye nywele mpya zilizoota tu, bila kuivuta hadi nchani. Muda kati ya dawa na dawa usipungue majuma 8. 12 ni bora. Ukisema panachoma, huosha pale pale. Yule anayekuambia "vumilia kidogo, dada, ishike" anakichezea kichwa chako kwa ajili ya unyoofu wa siku chache. Ngozi ikitoka malengelenge au majimaji, hilo ni jeraha la moto kama lile la jikoni, na linahitaji kliniki.

Yapo pia maswali makubwa zaidi ambayo sayansi ingali inayachunguza. Mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake 33,497 wa umri wa miaka 35 hadi 74 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Waliosema kuwa walitumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia walionekana kupatwa na saratani ya mji wa mimba zaidi ya wengine: hatari ya kuipata kabla ya kutimiza miaka 70 ilikadiriwa kuwa asilimia 4.05 kwao, na asilimia 1.64 kwa wasiotumia kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha saratani, na idadi ya waliougua bado ni ndogo. Lakini ni sababu tosha ya kutaka kujua unatiwa nini na mara ngapi. Msusi anayekuficha pakiti, au anayechota dawa kutoka kwenye mkebe usio na jina, hafai.

Ukinyooshewa nywele kwa dawa ya kupigwa pasi ambayo moshi wake huchoma macho na koo, jua kwamba nyingi kati ya hizo hutoa fomaldehaidi, gesi ambayo inatambuliwa kuwa husababisha saratani. Fikiria basi hali ya msusi mwenyewe, anayeivuta kutwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Saluni yenye hewa ni alama ya mtu anayejijali, na asiyejijali hawezi kukujali wewe.

Kuhusu rangi nyeusi na piko, neno ni moja: jaribu kwanza. Kemikali iliyomo humdhuru vibaya mtu ambaye mwili wake unaikataa. Uso unaweza kuvimba hadi macho yasifunguke. Msusi apake kidogo nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Ikiwa uliwahi kuwashwa na kutoka malengelenge kwa sababu ya piko mkononi, mwambie, wala usikubali rangi hiyo kichwani.

Wembe, mashine na beseni

Hapa tunawaalika wanaume pia, maana wao wana kinyozi. Mashine ya kunyolea, hata isipokukata, hukwaruza ngozi. Huko huko Cape Town mashine za vinyozi zilipochunguzwa maabarani, baadhi zilikuwa na damu isiyoonekana kwa macho, na chache kati yake zikiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini watu wazima wengi hawajawahi kupata chanjo hiyo. Ukimwi, ambao wengi ndio huuogopa, huambukizwa kwa shida zaidi kwa njia hii.

Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele ya macho yako. Mashine ipigwe brashi nywele zote zitoke, kisha isafishwe kwa spiriti kabla ya kukugusa. Lile sanduku lenye taa ya buluu lisikuhadae. Mwanga wake hufanya kazi pale unapofika tu, na chini ya mabaki ya nywele na mafuta haufiki. Kifaa kichafu kilichokaa sandukuni ni kifaa kichafu kilichomulikwa.

Wanaume wanaoota vipele vigumu kisogoni, vile ambavyo hatimaye huwa kama vinundu, wamwombe kinyozi asinyoe hadi kwenye ngozi sehemu hiyo. Kinyozi wa kudumu hukumbuka bila kuambiwa. Kinyozi wa kubahatisha hupitisha mashine tu, na vipele huamka upya.

Jambo moja kuhusu beseni la kuoshea. Mwaka wa 1993 daktari mmoja wa Marekani alieleza habari za wanawake watano waliopatwa na kiharusi au dalili zake baada ya kukalishwa shingo zikiwa zimekunjwa nyuma juu ya beseni. Ni jambo la nadra sana, lakini kinga yake haina gharama: taulo iliyokunjwa chini ya shingo, na kuinuliwa ukihisi kizunguzungu. Wazee wanaweza kuoshwa wakiinama mbele.

Namna ya kumtafuta

Wengi hutafuta kwa kutazama picha ukutani au kwenye simu. Picha huonyesha msuko siku uliposukwa, haionyeshi panja mwaka mmoja baadaye. Tafuta kwa kutazama vichwa vya watu. Ukimwona mfanyakazi mwenzako au jirani ambaye kwa miaka amebadilisha mitindo na bado ana nywele nzuri mbele, muulize husukwa na nani. Halafu muulize amekuwa naye kwa muda gani. Jibu la "tangu nizae kifungua mimba" lina thamani kuliko picha 100.

Safari ya kwanza usiende na kazi kubwa. Usimjaribu mtu kwa mara ya kwanza wiki ya arusi, wala Desemba 23 wakati kila kiti kimejaa na kila mtu anataka kupanda gari la ushago. Nenda katikati ya juma, katikati ya mwezi, uoshwe na kukatwa ncha tu. Kazi hiyo ndogo itakuonyesha mengi. Je, alikigusa kichwa chako na kukichunguza kabla ya kukuuliza unataka mtindo gani? Alitumia taulo safi? Alinawa mikono alipotoka kwa mteja mwingine? Ulipomwambia maji ni moto, alirekebisha au alicheka? Kisha mwulize swali moja: "Nywele zangu waziona zina shida gani?" Asiyeona shida yoyote kichwani mwa mtu yeyote anauza maneno matamu. Anayeona shida 10, na kila moja ina mafuta yake ya kununua pale pale rafuni, pia muache.

Cheti ni jambo jema. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, huwatahini wasusi na kuwapa vyeti vya gredi, na saluni yapasa kuwa na leseni ya biashara ya kaunti. Lakini wapo wasusi hodari waliofunzwa na shangazi zao barazani, na wapo wenye vyeti wanaokaza kama wanafunga mzigo wa gunia. Cheti kikufanye umsikilize mtu, kisha mikono yake ndiyo ikuamulie.

Bei nayo ina siri yake. Unapopigania kupunguziwa, elewa kwamba unachopunguza mara nyingi ni muda. Msusi anayelipwa nusu atasuka upesi, na anayesuka upesi huvuta. Ni heri kusukwa mara chache kwa mtu anayejali kuliko kila wiki tatu kwa bei ya kutupa.

Kichwa cha mtoto

Mtoto hawezi kujisemea. Akilia, tunamwambia anyamaze awe mrembo. Akinyamaza, tunadhani haumii. Utafiti wa Cape Town uliwagusa pia wasichana wa shule, na baadhi yao walikuwa tayari wamepata upara wa mkazo. Hakuna sababu ya mtoto wa miaka 5 kusukwa matuta ya kumvuta macho wala kuongezewa nywele nzito. Keti karibu naye, na umkubalie msusi akisema mtoto apumzishwe.

Mapunye nayo hupitia kwenye vitana na mashine za saluni, hasa wiki ya kufungua shule. Msusi mwema akiyaona atakuita kando, si mbele ya wateja, na kukuambia kwa heshima kwamba leo hatamsuka mtoto. Usimkasirikie. Ukitoka hapo nenda kliniki, kwa sababu mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi; ukungu huo huingia ndani ya mizizi ya nywele, na dawa yake ni ya kumeza, mara nyingi kwa majuma 6 hadi 8.

Ukishampata

Msusi wa kudumu huyaona mengi ambayo hata mumeo hayaoni. Ataona nywele zinang'oka kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, au baada ya homa kali, na akuambie usiogope, maana kwa kawaida hurudi zenyewe. Ataona zinang'oka bila sababu, na akushauri ukapimwe damu na tezi ya shingo. Atakuonyesha tofauti: unywele uliong'oka huwa na kijinundu cheupe mwishoni, uliokatika hauna. Uliong'oka huenda unasema kitu kuhusu mwili wako. Uliokatika mara nyingi unasema kitu kuhusu saluni. Mgonjwa anayetibiwa saratani, ambaye nywele zake zinaondoka, humhitaji mtu huyu kuliko wakati wowote, amnyoe taratibu mlango ukiwa umefungwa.

Ndiyo sababu ulimi wake ni muhimu kama vidole vyake. Ukiwa kitini akakusimulia upara wa mteja aliyetoka sasa hivi, jua kwamba wa kwako utasimuliwa ukishafika kituo cha matatu.

Wewe pia una wajibu. Fika kwa wakati. Mwambie ukweli: ikiwa ulipita kwingine ukatiwa dawa, sema, kwa kuwa akitia nyingine juu yake nywele zitayeyuka. Mwambie dawa unazotumia na kama una mimba. Na umpe ruhusa mapema, kwa maneno, akukatalie. Wasusi wengi huogopa kumpoteza mteja, kwa hiyo huona panja linaondoka na kunyamaza. Mwambie: "Dada, ukiona jambo baya niambie, hata kama nimekuja na pesa." Utashangaa jinsi atakavyoanza kuongea.

Wasusi huhama. Wengi hukodi kiti tu, na kodi ikipanda huondoka bila kuaga. Iweke namba yake ya simu, si ya saluni. Nunua daftari dogo uandike tarehe ya kila msuko, kila dawa na jina lake. Na kila baada ya miezi mitatu mwombe akupige picha kwa simu yako: panja zote mbili, mbele, na utosi, nywele zikiwa zimegawanywa katikati. Picha hizo ukimpelekea daktari wa ngozi, au afisa wa kliniki aliyesomea ngozi, zitamweleza kwa dakika moja upara ulianza lini na unaelekea wapi.